Misimu mitatu kiwango cha skii hakisogei: nilichokuwa nakosea, na ninavyopanga safari sasa (uzi mrefu)

Goti Kaidi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale ambao mmeshavaa skii (zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) misimu miwili mitatu, mteremko wa bluu mnashuka bila kuanguka, lakini mkisimamishwa juu ya mwekundu mwili unakauka kama gogo (rangi ni za ugumu: bluu rahisi, nyekundu wastani, nyeusi ngumu). Anayeanza kabisa naye asikimbie, habari ya buti huko chini inamhusu kuliko wote.

Mimi nimekaa hapo misimu mitatu. Siku sita kila mwaka, na kila mwaka narudi na mapaja yanayowaka moto na kiwango kilekile. Ugonjwa nilijidai kuujua: woga. Dawa ya woga si ujasiri? Basi msimu wa pili, siku ya nne, nikapanda mteremko mweusi. Nusu yake nilishuka kwa makalio huku skii moja ikitangulia bila mimi. Kwa hiyo ujasiri ulikuwepo, tena wa kutosha.

Msimu uliopita mwenzangu akanirekodi kwa simu bila kuniambia. Usiku nikaangalia. Jamani, nilikuwa nimekaa! Nimekaa kabisa, kama mtu aliye kwenye kigoda anachambua mchele. Makalio yako nyuma ya visigino, mikono imeshuka usawa wa mifuko, kifua kinatazama msituni. Na kichwani mwangu wakati ule nilikuwa naapa kwamba nimeegemea mbele mpaka pua inakaribia theluji.

Nimeisoma hiyo hali mwaka mzima, na maelezo yake ni haya. Skii huanza kuzunguka kwa ncha ya mbele. Ukiweka uzito juu ya miguu yako barabara, ncha inauma theluji, skii inapinda na yenyewe inakupeleka kwenye kona. Ukikaa nyuma, ncha inaelea, skii haikusikii, nawe unaanza kuisukuma kwa nguvu za mabega na nyonga. Mapaja yanabeba kila kitu kwa sababu umekaa juu ya kiti ambacho hakipo. Ndiyo ule moto. Nilikuwa nadhani sina mazoezi, kumbe nilikuwa nachuchumaa saa tano kwa siku.

Kinachosumbua ni kwamba mwili hauna kosa. Mtu yeyote mwenye akili akisimama kwenye ukingo wa kitu kinachoteremka huvuta mwili nyuma, kuelekea mlimani. Skii zinataka kinyume chake. Kwa hiyo kujiambia "usiogope" hakusaidii. Inabidi uupe mwili kitu cha kugusa. Kwangu kitu hicho ni muundi. Muundi uguse ulimi wa buti muda wote. Nikiusikia, niko sawa. Nikihisi misuli ya shavu la mguu inaegemea nyuma ya buti, nimeshakaa tena.

Sasa buti. Misimu yote mitatu nilikodi, na duka moja nililokodi (silitaji) kijana aliniuliza namba ya viatu vyangu vya kawaida, akaongeza moja "ili mguu upumue". Mguu ulipumua kweli. Kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka kama pistoni, nami nikawa nakaza vifungo mpaka vidole vinakufa ganzi. Buti za skii hupimwa kwa urefu wa mguu kwa sentimita: mguu wa sentimita 27 ni buti namba 27, basi. Na jueni kwamba 27 na 27.5 kwa kawaida ni ganda moja la plastiki, kwa hiyo akikupandishia nusu namba hajakupa nafasi yoyote ya maana.

Namna ya kupima: toa lile buti laini la ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele, halafu tazama nafasi nyuma ya kisigino. Kidole kimoja hadi viwili vya mkono vikipita, sawa. Ukiingiza ngumi, rudisha. Ukishavaa yote na kufunga, ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti vijivute nyuma. Soksi moja tu, nyembamba. Mbili ni balaa, zinajikunja halafu baridi inaingia palepale zilipokunjamana.

Nakaribisha michango. Mambo ya kupanga safari nitayaleta mkiuliza.

Theluji Mbichi

Mkuu umenichora mimi mwenyewe. Swali: mwalimu kila siku ananipigia kelele "mbele, mbele", nami nikiinama mbele naishia kukunjama kiunoni kama mtu anayetafuta sarafu chini. Makalio yanazidi kwenda nyuma. Nifanyeje?

Goti Kaidi

Nilipita hapohapo. Kiuno kiache. Mkunjo uanzie kwenye kifundo cha mguu: kifundo, kisha goti, nyonga ndiyo ya mwisho. Jaribu sasa hivi hapo ulipo, simama, sukuma magoti yapite juu ya vidole vya miguu bila kuinamisha kifua. Umesikia muundi unavyokwenda? Ndicho hicho.

Kwenye theluji, tafuta mteremko mlaini kuliko unaoona unakustahili. Shuka kwa kukatiza, huku unaruka viruka vidogo, ukiinua mikia ya skii tu. Aliyekaa nyuma hawezi kuinua mkia hata akitaka, kwa hiyo zoezi lenyewe linakupa majibu.

Beki Tatu

Nimesoma uzi wote nikiwa kitandani na nimegundua hata hapa nimekaa nyuma.

Kingo Kali

Uzi mzuri, ila hapo kwenye "mbele" nitakupinga kidogo, maana neno hilo limeharibu watu wengi. Lengo ni kusimama katikati ya skii na kuweza kusogea. Kona inapoanza unabana ulimi wa buti, kona inapoisha uzito umerudi katikati ya unyayo. Anayeng'ang'ania mbele mwanzo hadi mwisho, mikia ya skii inamteleza na anapigwa kiduara.

Kitu ambacho hujakigusa, na kwangu ndicho kikubwa kuliko chote, ni skii ya nje. Ukikata kona kwenda kushoto, mguu wa kulia ndio unaobeba. Kwenda kulia, wa kushoto. Wengi waliokwama wanaegemea mguu wa ndani, ule ulio upande wa mlima, kwa sababu uko karibu na ardhi na unatia moyo. Matokeo yake skii ya nje inakimbia pembeni na miguu inafunguka ile kabari ya wanaoanza (ncha za skii zimekaribiana mbele, mikia imetanuka). Ndiyo maana mtu ana misimu mitano na bado kila kona inaanza na kabari kidogo.

Zoezi: katikati ya kona, inua mkia wa skii ya ndani sentimita mbili, ncha ibaki chini. Ukiweza kushikilia mpaka kona iishe, uzito uko mahali pake. Mara ya kwanza utaweza upande mmoja tu. Kila mtu ana upande wake mbovu.

Halafu msihangaike na skii ndefu za zamani mlizorithi. Mpaka miaka ya mwanzo ya 1990 skii zilikuwa karibu nyoofu, na kona ilihitaji mtu ajinyanyue, azungushe, ashuke. Elan ya Slovenia ilipotoa SCX mwaka 1993, yenye kiuno chembamba na ncha pana, mambo yakageuka: ukiilaza skii kwenye ukingo wake, umbo lenyewe linachora duara. Za kawaida za kwenye njia zilizosawazishwa mzunguko wake ni kama mita 13 hadi 18. Anayejifunza achukue yenye namba ndogo humo, urefu wa kati ya kidevu na pua. Ndefu zaidi ya hapo ni kwa anayependa kasi au theluji laini yenye kina.

Goti Kaidi

Kingo Kali asante, nakubali marekebisho. Hiyo ya mguu wa ndani ilikuwa ugonjwa wangu wa pili na sikuwa na jina lake.

Mama Wawili

Shukrani wakubwa. Mimi nina watoto wawili wanaojifunza na mume anayejiona bingwa. Tunataka kwenda Ulaya majira haya ya baridi ila sielewi twende mwezi gani, na kila tangazo linataja kilomita za njia. Kilomita 200, 300, 600. Nyingi ndiyo bora?

Goti Kaidi

Dada, kilomita ndizo zilizonipotezea misimu miwili. Nilichagua Les 3 Vallées kule Ufaransa, kilomita 600 za njia, nikajiona mjanja. Nusu ya siku ilikwisha kwenye lifti zinazopandisha watu mlimani na kwenye njia nyembamba za kuunganisha bonde na bonde, nikishuka kwa kabari huku naangalia saa nisije nikafungiwa nje ya bonde langu. Lifti za kuunganisha zina saa ya kufunga, na ukiikosa unarudi kwa barabara, safari ndefu kweli. Anayejifunza anatumia mitelemko minne, mitano. Mimi sasa nikifungua ramani naangalia kitu kimoja: je, kuna njia pana za bluu juu mlimani, karibu na lifti moja, ambazo naweza kuzirudia mara kumi asubuhi moja bila kupita popote pa kutisha? Na theluji ikiwa mbaya chini, naweza kurudi kijijini kwa lifti ya kabini badala ya kushuka kwa skii?

Rangi zisikudanganye. Zinalinganisha njia za mlima mmoja tu. Bluu ya huku inaweza kuwa nyekundu ya kule. Ufaransa wana kijani chini ya bluu, ila Austria na Uswisi huwa wanaanza na bluu moja kwa moja. Amerika Kaskazini ni duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi, na almasi mbili kwa wanaojitafutia makubwa.

Mwezi: Krismasi na Mwaka Mpya watu wanajaa na sehemu za chini mara nyingi theluji bado haijashiba. Januari baada ya sherehe ndiyo tulivu kuliko yote, ila kuna baridi ya kuuma na siku ni fupi. Februari theluji ni nzuri lakini kuna likizo za shule. Ufaransa wanazigawa kwa kanda, kwa hiyo msongamano unaenea karibu mwezi mzima hadi mapema Machi. Kama watoto wako hawabanwi na ratiba ya shule, nenda Januari katikati. Kama wanachukia baridi, nenda Machi, lakini mahali pa juu.

Kimo ndicho bima. Hewa hupoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo siku ambayo mvua inanyesha kijijini kwenye mita 800, juu kwenye 2,300 ni theluji. Val Thorens kijiji chenyewe kiko mita 2,300. Zermatt lifti inafika mita 3,883 na wanaskii mpaka kiangazi. Kasoro ya mahali pa juu ni kwamba hakuna miti, na siku ya ukungu bila miti huoni hata mguu wako. Mimi hupenda mahali penye vyote viwili: kilele cha juu, na msitu wa kukimbilia hali ikichafuka.

Machi kuna mchezo mmoja wa kuujua. Usiku theluji inaganda, mchana inayeyuka. Saa tatu asubuhi ni kioo, saa tisa alasiri ni uji. Katikati kuna saa mbili tatu tamu. Miteremko inayotazama mashariki inalainika kwanza, ya magharibi baadaye, ya kaskazini inabaki kavu. Ukilifuata jua unaongeza saa nzuri bila kuongeza kilomita.

Na mume anayejiona bingwa mpe mwalimu siku ya kwanza asubuhi, si siku ya tatu akishachoka na kukomaza makosa.

Mama Wawili

Nimemsomea hiyo aya ya mwisho. Amenyamaza.

Mtu wa Kusini

Nyongeza kwa wasiopenda kusubiri Desemba: kusini mwa ikweta msimu ni Juni hadi Septemba au Oktoba. Chile, Argentina, New Zealand. Mimi nilikwenda New Zealand Agosti, njia chache, watu wachache, nikajifunza kuliko popote.

Kingo Kali

Kabla hamjasahau, kwenye kukodi. Fundi atawauliza uzito, urefu, umri, na namna mnavyoskii. Pamoja na urefu wa soli ya buti, hizo ndizo namba zinazoamua kifungio, kile kinachoshika buti kwenye skii, kiachie buti kwa nguvu kiasi gani. MSIDANGANYE. Wanawake wanapunguza kilo, wanaume wanajipandisha ubingwa, nimewasikia foleni nzima kwa masikio yangu. Ukipunguza uzito, kifungio kinaachia katikati ya kona nzuri na unaruka kama mfuko. Ukijiita bingwa, siku ya kuanguka kinagoma kuachia, na deni linalipwa na goti.

Theluji Mbichi

Wenzangu safari hii wanataka tutoke nje ya njia, nje ya zile nguzo za kuonyesha mpaka wake. Wanasema theluji laini unaelea tu. Kwa kiwango chetu hiki inawezekana?

Kingo Kali

Hapana.

Naongeza kidogo nisionekane mkali bure. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, yaani ileile inayowavutia watu. Ulaya taarifa ya kila siku ya hatari ya maporomoko ina madaraja 1 hadi 5. Watu wanaogopa la 5, lakini siku ya 5 kila mtu yuko ndani na lifti zimefungwa. Daraja la 3 ndilo linalozika wengi, kwa sababu jua linawaka, theluji inang'aa na mtu mmoja ameshapita akafika salama. Kila anayetoka awe na kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi mwilini, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, na awe amefanya mazoezi ya kumtafuta mtu. Aliyefukiwa nafasi yake ya kutoka hai inaporomoka baada ya dakika kumi, kumi na tano hivi. Hakuna helikopta inayowahi muda huo. Anayekuokoa ni mwenzako aliyesimama hapo. Sasa jiulize kama wenzako wanajua hata kuwasha kifaa.

Theluji laini mnaweza kuipata pembeni mwa njia, ndani ya nguzo, asubuhi baada ya usiku wa theluji. Anzieni hapo.

Beki Tatu

Mimi msimu uliopita niligongwa na mtu kutoka nyuma, akainuka akanifokea kwamba nimekata kona ghafla. Nani mwenye kosa?

Goti Kaidi

Yeye. Kanuni za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, ziko kumi na hiyo imo: aliye nyuma ndiye anayechagua njia isiyomhatarisha aliye mbele. Aliye mbele hana jicho kisogoni. Ila ukisimama, simama pembeni, na usisimame chini ya mwinuko ambapo hawakuoni.

Goti Kaidi (mrejesho, wiki saba baadaye)

Wakuu, nimerudi, na nina cha kusimulia.

Kabla ya kwenda nilifanya wiki sita za kuegemea ukuta nikiwa nimekunja magoti, na kusimama mguu mmoja wakati napiga mswaki. Haikuwa zaidi ya hapo. Buti nilinunua hatimaye, namba 26.5 baada ya misimu mitatu ya 28. Siku ya kwanza nilitaka kulia. Siku ya pili kisigino kilikuwa hakisogei hata nikipenda.

Nilikaa kwenye mlima mmoja, lifti moja ya viti, njia mbili za bluu na moja nyekundu. Asubuhi mwalimu kwa saa mbili, kisha narudia peke yangu mpaka saa nane, basi. Mapaja yakianza kuzungumza naondoka. Wenzangu jioni walikuwa wanahesabu kilomita kwenye simu, mimi nilikuwa na moja moja za aibu.

Siku tatu za kwanza ilikuwa kuinua mkia wa skii ya ndani, kama Kingo Kali alivyosema. Kona ya kushoto niliiweza siku ileile. Ya kulia nilianguka mara tisa, tena mara moja mbele ya darasa zima la watoto waliokuwa wanapita kwa mstari kama vifaranga, na wa mwisho akaniuliza kama niko salama.

Siku ya nne, saa tatu na nusu, njia ilikuwa imetoka kusawazishwa, bado ina ile mistari myembamba kama kitambaa cha kodroi. Nikasukuma magoti, nikasubiri. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea maisha yangu yote: sikuwa nasubiri, nilikuwa nailazimisha kona. Nikauacha uzito mguu wa kushoto, nikatulia, na skii ikaanza kuzunguka yenyewe. Sauti ndiyo iliyonishtua. Siku zote skii zangu zinapiga kelele ya kukwangua, kama koleo kwenye saruji. Safari hii ilikuwa ssss tu. Nikasimama chini, nikageuka kutazama juu: mistari miwili myembamba, sambamba, kama reli. Kona tatu za reli, halafu ya nne ni vumbi na kuparuza kama zamani. Lakini tatu zilikuwepo, nilizipiga picha.

Nyekundu niliishuka siku ya tano na ya sita. Polepole, ila nimesimama.

Mama Wawili

Hongera sana! Sisi tunaondoka Jumamosi. Bingwa amekubali mwalimu.

Kingo Kali

Safi. Weka video.

Goti Kaidi

Nimeiweka, ya siku ya sita.

Kingo Kali

Nimeitazama mara tatu. Makalio yamerudi nyumbani, skii ya nje inabeba. Lakini angalia mkono wako wa kushoto: kila ukimaliza kona ya kulia unashuka nyuma mpaka kwenye mfuko, na bega linaufuata, ndiyo maana kona inayofuata inachelewa. Tafuta video za Mikaela Shiffrin, huyu aliyefikisha ushindi wa 100 wa Kombe la Dunia la skii pale Sestriere, Italia, Februari 2025, uangalie mikono tu, miguu usiitazame. Huioni ikitoka mbele yake. Wewe msimu ujao shuka asubuhi nzima ukiwa umezilaza fimbo zote mbili juu ya viganja, kama umebeba sinia la chai ya wageni. Zisianguke, na ziendelee kutazama bondeni hata miguu ikizunguka.

Goti Kaidi

Mkono nimeuona. Kumbe na misimu ya nyuma yote ulikuwa hivyohivyo. Sinia, sawa.

Beki Tatu

Na chai iwemo.